Kuchagua jenereta ya kubeba unapotoka Lubumbashi kwenda kulala porini

Kiangazi kikishaingia, wenye Hiace, pikapu na Land Cruiser hapa Lubumbashi huanza kupanga safari. Kuna wanaokwenda kulala shambani kwao, kuna wanaopanda uwanda wa Kundelungu hadi maporomoko ya Lofoi, na kuna vikundi vya vijana wa kanisa vinavyokwenda kukesha kando ya mto Lufira. Siku mbili kabla ya kuondoka, mtu mmoja hutumwa sokoni akatafute jenereta, au grupu kama tunavyoiita, na muuzaji humuuliza swali lile lile: «Papa, unataka kilowati ngapi?»

Asiyekuwa na jibu huuziwa jibu. Muuzaji humpa kubwa, kwa sababu kubwa ina faida kubwa, naye hurudi nyumbani na mashine ya kilo 45 inayonguruma usiku kucha ili iwashe taa sita na simu kumi. Hesabu ya kukuokoa haifiki nusu saa, na uifanye kwa kalamu kabla ya kukanyaga soko la Kenya au la Mzee hapa mjini.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji

Kama mtakachowasha ni taa, simu na spika ndogo ya kuchaji, usinunue jenereta. Kati ya Mei na Septemba mvua hakuna huku Haut-Katanga na jua ni la uhakika. Paneli ya wati 100 iliyoelekezwa vizuri hukupa karibu wati-saa 400 kwa siku. Taa nne za LED za wati 9 zikiwaka saa tano hula wati-saa 180, na simu moja ikijazwa toka sifuri huchukua kama 15 au 20. Kinachobaki ni akiba. Paneli na betri ya lithiamu havipigi kelele, havinuki, na hakuna anayebeba bidoni (dumu) la esansi, yaani petroli, ndani ya gari lenye watoto.

Jenereta inaanza kuwa na maana pale panapokuwa na friza ya nyama na samaki, pampu ya maji, vyombo vya muziki vya kwaya, au mgonjwa mwenye mashine. Pia pale unapojua kwamba mashine hiyo hiyo itarudi kukaa nyumbani kungoja delestaji (mgao wa umeme) ya SNEL, kampuni yetu ya umeme. Watu wengi hununua kwa sababu hii ya pili na kuisingizia safari, jambo ambalo si kosa, lakini lazima liingie kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Andika kila kitu kitakachochomekwa

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika kifaa, katikati andika wati zake kinapotembea, upande wa kulia andika wati zake kinapoamka. Safu hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Taa, simu, kompyuta na televisheni huamka kwa nguvu zile zile wanazotembea nazo. Kitu chenye mota hakiko hivyo. Friza ndogo inayotembea kwa wati 120 inaweza kudai mara tano hadi sita ya hizo kwa sekunde moja kompresa inapoanza. Pampu ya nusu hosipawa huandikwa wati 370, lakini hizo ni nguvu inazotoa kwenye shimo la maji. Kutoka kwenye waya hula karibu 600, na kuamka inadai kama 1,800.

Tuchukue kundi la watu kumi na wawili. Taa sita za wati 9 ni 54. Simu kumi na mbili zikichajiwa pamoja, wati 10 kila moja, ni 120. Kompyuta moja 65. Spika na mikisa 150, nazungumzia wati halisi zinazoingia, zilizoandikwa nyuma karibu na waya, maana zile elfu kadhaa zilizochorwa mbele ya spika ni mapambo. Friza 120. Jumla 509. Friza ikiamka wakati vyote hivyo vinawaka, ongeza 600: unafika 1,109.

Andika namba hizo mbili na uzipigie mstari: 509 ya kutembea, 1,109 ya kuamka.

Umeona sikuandika pasi, wala birika la umeme, wala resho (jiko la umeme). Chochote kinachogeuza umeme kuwa joto kifutwe kwenye karatasi bila huruma. Birika moja hula wati 1,500 hadi 2,000, yaani mara tatu ya mahitaji yote ya kundi lile, ili kuchemsha maji ambayo makala, yaani makaa, ya mia chache za franka yangechemsha. Bukari (ugali) hupikwa kwenye mbabula, jiko la makaa, au kwenye gesi. Nguo zipigwe pasi nyumbani, au zivaliwe zimekunjamana, uko porini.

Ukisoma miongozo ya Wamarekani wanaosafiri na magari ya kulala, utakuta wanahimiza wati 3,000 na kwenda juu. Wana sababu yao: gari lao lina kiyoyozi juu ya paa, na magari mengi ya namna hiyo yamefungiwa waya wa volti 120 na ampea 30, yaani wati 3,600. Sisi tunaokwenda Kundelungu mwezi wa Julai tunakwenda na blanketi mbili kila mtu. Kiyoyozi cha nini?

Hatua ya 3: Kata kodi ya mwinuko

Jambo hili wauzaji wengi hawalisemi. Injini ya esansi isiyo na tabo (turbo) hupumua hewa iliyopo, na hewa hupungua jinsi unavyopanda. Kanuni ambayo watengenezaji wenyewe huandika vitabuni mwao ni kwamba nguvu hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi. Kwa hiyo kabla hujaanza safari umeshapoteza asilimia 14. Juu ya uwanda wa Kundelungu, kwenye mita 1,700 hivi, unapoteza karibu asilimia 20.

Rudi kwenye karatasi. Gawanya 1,109 kwa 0.80, unapata 1,386. Gawanya 509 kwa 0.80, unapata 636. Injini isifanyishwe kazi muda wote kwenye mwisho wa nguvu zake. Robo tatu inatosha, kwa hiyo gawanya 636 kwa 0.75, unapata kama 850. Mashine inayotakiwa basi ni ile yenye nguvu ya kudumu inayozidi wati 850 kwa raha na nguvu ya kilele inayozidi 1,386. Jenereta ya kawaida ya kilele cha wati 2,000, ambayo ya kudumu yake huwa 1,600 au 1,800, inamaliza kazi na inabakiza. Hakuna haja ya ile ya «kilowati tano».

Ukitaka na pampu, fanya hesabu upya: 1,800 kugawanya kwa 0.80 ni 2,250 kwa ajili ya kuiamsha peke yake. Hapo utahitaji mashine ya kilowati 2.5 hadi 3 na utaibeba safari nzima kwa ajili ya dakika ishirini za kuvuta maji. Mimi ningebeba maji kwenye bidoni.

Mwinuko una jambo jingine. Hewa ikipungua, mchanganyiko wa kabureta unakuwa na esansi nyingi kupita kiasi: moshi mweusi, buji (plagi ya cheche) inayoota masizi, mashine inayokula zaidi. Hapa mjini haisumbui sana. Kama makao yako yatakuwa juu ya mita 1,500 kwa muda mrefu, muulize fundi kama kabureta yako inakubali jeti ya mlimani, iliyo na tundu dogo zaidi.

Hatua ya 4: Soma kibandiko, usisome boksi

Kuna namba tatu na zinachanganywa makusudi.

Ya kwanza ni nguvu ya kilele. Ndiyo inayochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mashine huiweza kwa muda mfupi tu. Ya pili ni nguvu ya kudumu, imeandikwa ndogo kwenye kibandiko cha chuma karibu na prizi (soketi). Hiyo ndiyo unayonunua. Ya tatu ni kVA, na wengi wanadhani ni sawa na kilowati. Kwa jenereta nyingi zidisha kVA kwa 0.8: mashine ya kVA 2.5 ni kilowati 2.

Halafu kuna namba ambayo si nguvu kabisa, ni jina. Zile ndogo za viharusi viwili (two-stroke), zinazobebwa kwa mkono mmoja na kulia kama pikipiki, mara nyingi huandikwa 950. Anayenunua anasema nimepata wati 950. Nguvu yake ya kudumu huwa kama 650, na ukikata asilimia 14 ya Lubumbashi unabaki na 560. Friza ya karatasi yetu haitaamka.

Angalia pia volti na mzunguko. Hapa tunatumia volti 220 na hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani ya volti 120 na hezi 60 huuzwa rahisi kwa sababu vitu vyako vingi havitakubali kuchomekwa humo. Zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini zina volti zinazotufaa, lakini prizi zake ni za matundu matatu ya kwao. Dai adapta nzito, maana zile nyepesi za plastiki huyeyuka.

Hatua ya 5: Chagua aina

Dizeli, yaani ya mazutu, iache. Ni nzuri kwa hoteli na kwa shamba la kuku, ila ile ya kVA 5 huwa na uzito wa karibu kilo mia.

Ya viharusi viwili ni rahisi kununua na fundi yeyote anaijua, lakini inataka oili ichanganywe na esansi, sehemu moja kwa hamsini kwa mashine nyingi, na siku moja mtu mwingine ataijaza esansi tupu. Inafaa kwa taa na redio.

Zinazobaki ni mbili, na hapa ndipo penye uamuzi. Kuna ya fremu wazi: mabomba ya chuma, tangi juu, injini inayoonekana. Ili itoe hezi 50 lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, uwashe taa moja au uwashe kila kitu. Ndiyo maana kelele yake haipungui na esansi yake haipungui sana hata mkiwa mmelala. Na kuna ya inveta, iliyofungwa ndani ya sanduku la plastiki kama begi. Hii huzalisha umeme, huugeuza, kisha huutengeneza upya kwa elektroniki, hivyo injini inaweza kupunguza mwendo kazi inapopungua. Umeme wake ni safi kwa kompyuta na mikisa. Ya kilele cha wati 2,000 huwa na uzito wa kilo 20 au zaidi kidogo na tangi la lita nne hivi. Kwa robo ya kazi yake lita hizo hufika saa saba au nane.

Kelele ni hesabu yake. Ya inveta ndogo huwa kati ya desibeli 50 na 60 ukiwa mita saba. Ya fremu wazi hupita 68 na mara nyingi hupita 70. Kila desibeli 10 sikio husikia kama kelele imeongezeka maradufu. Katika hifadhi za taifa za Marekani sheria inakataza jenereta inayozidi desibeli 60 ikipimwa futi 50, yaani mita 15. Hicho ni kipimo kizuri cha kujipa hata mahali ambapo hakuna askari wa kukuuliza. Ukiingia hifadhini hapa kwetu, waulize ICCN, wasimamizi wa hifadhi, langoni kabla ya kushusha mashine. Umetoka mjini ukimbie kelele, na wanyama pia.

Kwa nini basi nisiseme nunua inveta, tumalize? Kwa sababu ya fundi. Injini nyingi za fremu wazi zilizoko sokoni ni nakala za muundo wa Honda GX160 na GX200, na kabureta, kamba ya kuvutia na kichujio chake vinapatikana Likasi, Kipushi, hata kwenye kibanda cha fundi wa pikipiki. Kidhibiti volti chake kikiungua, kinabadilishwa mchana mmoja. Kadi ya elektroniki ya inveta imemwagiwa gundi ngumu. Ikifa haitengenezwi, inabadilishwa nzima, na bei yake inauma. Mwenye shamba na pampu achukue fremu wazi na aiweke mbali. Mwenye safari, muziki na kompyuta achukue inveta na asimwazimishe jirani mwenye mashine ya kuchomelea.

Hatua ya 6: Tafuta shaba, katika mji wa shaba

Ni aibu kidogo kwamba hapa, ambapo malori ya shaba hupita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, tunauziwa jenereta zenye koili za alumini. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule, kwa hiyo koili inapata joto zaidi isipotengenezwa nene zaidi, na maungio yake hulegea kwa urahisi. Mashine ya alumini haifi siku ya kwanza. Inakufa siku unayoipa kazi kamili kwa saa nne.

Rangi ya koili isikudanganye, maana vanishi nyekundu hupakwa juu ya alumini. Kuna njia mbili za kuchungulia. Fungua kifuniko cha nyuma, pale waya za koili zinapoingia kwenye vituo vya kuungia: ncha iliyovuliwa vanishi ikiwa nyeupe ni alumini, ikiwa ya kahawia-nyekundu kote hadi ndani ni shaba. Njia ya pili ni mizani. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ukubwa ule ule, kwa hiyo mashine mbili za fremu wazi zenye injini moja na nguvu moja zikipishana kilo kadhaa, nyepesi ndiyo ya kushuku. Muuzaji akikataa kabisa usifungue kifuniko, umeshajibiwa.

Hatua ya 7: Nenda sokoni na pasi

Beba pasi ya umeme ya wati 1,000 na multimeta. Watakucheka, waache wacheke. Pasi tuliyoifuta kwenye safari ndiyo mzigo mzuri wa majaribio.

Kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na huenda ni kwa sababu ikiwa baridi inakataa. Subiri ipoe au rudi kesho. Kisha chomoa kijiti cha oili. Jenereta mpya nyingi husafirishwa bila oili kabisa. Ikivutwa hivyo dakika chache, injini imekwisha.

Iwashe bila mzigo. Pima: volti karibu na 220 au 230, hezi 51 au 52 kwa fremu wazi, 50 kamili kwa inveta. Chomeka pasi. Injini itashtuka, itashuka, itainuka. Volti zikishuka chini ya 200 na kubaki huko, au hezi zikienda chini ya 48, mashine haina nguvu inazodai. Acha pasi dakika kumi, ukinusa: harufu ya vanishi inayoungua haina maelezo mazuri. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Kwa mashine ya mitumba maana yake pete za pistoni zimekwisha.

«Mama, hii haijatumika, ilikuwa ya padri tu.» Muuzaji akikuambia hivyo, jibu kwa upole, na uendelee kupima.

Hatua ya 8: Waya na esansi

Ralonji (waya wa kurefushia) nyembamba inaweza kuiharibia mashine nzuri jina lake. Kwa mita 30 chukua waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa 0.75 wa redio utawasha taa vizuri, lakini friza ikitaka kuamka volti zitaangukia njiani na kompresa itaguna bila kuanza. Uukunjue wote hata kama hauhitaji urefu huo. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki inashikana.

Esansi ununue kwenye stesheni, mjini, siku ya safari. Sina ugomvi na kina Kadhafi, wauza esansi ya chupa wa barabarani, wamewaokoa wengi, lakini chupa iliyokaa juani huenda imeongezwa mafuta ya taa, na kabureta ndogo haisamehe. Kwa kundi letu, saa tano kila jioni kwa inveta ni lita mbili na nusu hivi. Kwa usiku mbili bidoni la lita kumi lina akiba. Fremu wazi itakula karibu mara mbili ya hapo. Bidoni lifungwe nje ya gari au kwenye karai la pikapu, lisijazwe hadi shingoni.

Friza haihitaji kuwaka usiku. Ijaze chupa za maji yaliyogandishwa nyumbani, iwashe kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni, na usiifungue bila sababu.

Hatua ya 9: Mahali pa kuiweka

Hapa nitakaa, kwa sababu mengine yote ni ya pesa na hili ni la roho za watu.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Damu huishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, kwa hiyo hewa yenye kiasi kidogo tu inatosha kumlaza mtu asiamke. Na jenereta ndogo hutoa gesi hiyo nyingi kuliko gari, kwa kuwa haina kifaa cha kusafisha moshi.

Usiku wa Juni na Julai huku kwetu unauma, vipimo hushuka chini ya nyuzi 10. Watu hufanya nini? Wanafunga madirisha ya Hiace, wanaziba mlango wa hema kwa blanketi, na jenereta wanaisogeza karibu ili isiibwe. Wengine wanaingiza mbabula ndani ili makaa yapashe joto. Mbabula inatoa gesi ile ile. Hakuna hema, gari wala kibanda ambamo makala au jenereta vinaruhusiwa, hata dirisha likiwa wazi nusu, hata kwa dakika kumi.

Weka mashine mita sita au zaidi kutoka sehemu yoyote ya kulala, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake, bomba la moshi likitazama mbali nanyi. Angalia tena baada ya saa moja, kwa maana upepo wa jioni hugeuka jua likizama. Usiiweke nyuma ya gari wala kwenye korongo au kati ya kuta mbili. Kuisogeza mbali kunapunguza kelele pia: kila ukizidisha umbali mara mbili, desibeli sita zinaondoka.

Sheria moja ninayoishikilia na siibadilishi kwa mtu yeyote: mashine inazimwa kabla mtu wa mwisho hajalala. Kama kuna mgonjwa anayehitaji umeme usiku, hiyo ni kazi ya betri iliyochajiwa mchana.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito. Sisi tukisikia hivyo tunasema malaria na tunameza dawa. Lakini malaria haiwashiki watu wanne saa ile ile, usiku ule ule. Kichwa kikiwauma wengi pamoja, watoeni wote nje kwenye hewa kwanza, zimeni mashine na makala, halafu mpelekeni hospitali yeyote aliyezimia, aliyechanganyikiwa, au aliye mjamzito hata kama anasema amepata nafuu. Ukipata king'ora cha kaboni monoksaidi cha betri, kinunue kabla ya spika.

Mengine ni mafupi. Iweke pakavu na pa sawa; ikilala upande, kihisio cha oili huizima au hudanganyika. Mvua ikikukuta, ijengee paa la turubai lililo wazi pande zote. Kujaza esansi: zima, subiri robo saa ipoe, ndipo umimine, na tochi iwe ya betri.

Hatua ya 10: Ukirudi nayo nyumbani

Siku SNEL itakapokata, utashawishika kuunganisha jenereta kwenye prizi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili. Usithubutu. Umeme utatoka nyumbani kwako, utapanda kwenye transfoma ya mtaa kinyumenyume na kuwa volti za maelfu, na fundi aliye juu ya nguzo anadhani waya umekufa. Umeme wa SNEL ukirudi ghafla, mashine yako nayo inaungua. Fundi akufungie swichi ya kubadilishia, inayokata upande mmoja kabla ya kuunga mwingine. La sivyo, tumia ralonji moja kwa moja hadi kwenye friji.

Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, utaikuta inang'aa kwa vumbi la chuma la injini mpya. Baada ya hapo kila saa 100, au mapema zaidi kama umepita kwenye vumbi jekundu la barabara ya udongo, ambalo pia litakulazimisha kuosha kichujio cha hewa kila urudipo. Kama mashine itakaa zaidi ya mwezi bila kazi, funga bomba la esansi huku ikinguruma na uiache ijizime yenyewe, kabureta ikauke. Toa na iliyobaki kwenye tangi, uitie kwenye gari lako. Kisha kila mwisho wa mwezi uiwashe dakika kumi na pasi ikiwa imechomekwa.